Editha hatarithi macho yangu

Njombe, Jumamosi, katikati ya Juni

Ukungu umelala juu ya mji tangu asubuhi, na baridi imeingia mpaka kwenye mifupa. Nimekuja hapa kafe ya intaneti kwa sababu nyumbani, kule mtaa wa Ramadhani, hakuna mtu wa kuongea naye. Binti yangu wa pekee, Editha, alikwenda jana Makambako kwa shangazi yake. Hakusema atarudi lini.

Kwenye blogu hii hakuna anayenijua. Basi niseme.

Wanawake wa ukoo wetu tunapofuka. Mama yangu, kule kijijini Kichiwa, haoni kitu. Dada yangu Skolastika anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Na mimi, jua likishazama, natembea kwa kupapasa. Mwezi uliopita daktari wa macho aliniambia bila kuficha: ni ugonjwa wa kurithi, hauna dawa, na mama mwenye nao anaweza kumpa mwanawe au asimpe, nusu kwa nusu. Kisha akamtazama Editha, aliyekuwa amekaa kando yangu.

"Huyu binti naye umlete tumpime."

Nikamshika Editha mkono, tukatoka.

Nilipoolewa nilikuwa bado msichana, lakini mayai yangu ya uzazi yalikuwa yameshakwisha. Ilikuwa miaka ile serikali ilipowafungulia watu binafsi biashara, Makambako kila mwenye akili ananunua lori, na mume wangu alikuwa ameanza kupata. Akasikia kwamba Afrika Kusini wapo madaktari wa mambo hayo. Tukaenda. Mwanamke tusiyemjua alitoa yai, likaunganishwa na mbegu ya mume wangu, likawekwa tumboni mwangu. Nikabeba mimba, nikatapika, nikazaa kwa uchungu, nikanyonyesha. Hatukumwambia mtu yeyote. Mume wangu alipofariki nikabaki na jambo hilo peke yangu.

Sikuwa na haja ya kulisema. Kule Kichiwa watu wanasema Editha anatembea kama bibi yake, na bibi anafurahi. Mimi nani nimharibie?

Nilidhani Editha ameshayasahau ya daktari. Ni mtoto, darasa la sita. Jumatano nikatoka uani na ndoo ya maji, nikamkuta anaosha vyombo huku amejifunga kitenge machoni.

"Unafanya nini, Editha?"

"Najifunza, mama."

"Unajifunza nini?"

"Ili nikipofuka nisije nikawasumbua watu."

Alisema kwa utulivu kabisa, huku anatafuta sufuria kwa vidole. Kumbe amekuwa akifanya hivyo kila nikienda kazini. Anajifunza kuwasha jiko, anajifunza kutafuta mlango. Nikaweka ndoo chini. Nikamfungua kile kitenge, nikamwingiza ndani, nikamwambia yote.

Nilichagua maneno kama ninavyochagua ninapofundisha darasani. Nilimwambia ugonjwa huu unapita kwenye damu ya ukoo wetu, na yeye hana damu hiyo. Nilimwambia nilimbeba mwenyewe tumboni, ila yai lilikuwa la mwanamke mwingine. Nilimwambia macho yake hayatafuata njia ya macho yangu.

Nilingoja afurahi.

Akaniuliza, "Kwa hiyo bibi si bibi yangu?"

"Ni bibi yako, mwanangu."

"Lakini sitembei kama yeye. Watu wanasema tu."

Nikamvuta karibu yangu. Akauliza tena, "Na huyo mwanamke, kwao wanaumwa nini?"

"Sijui. Walituambia tu kwamba yeye mwenyewe ni mzima."

"Jina lake?"

"Sijui, Editha."

Mambo ya kwetu, hata yakiwa mabaya, alikuwa anayajua. Alikuwa anajua atapofuka vipi, nani atamshika mkono, bibi atamfundisha nini. Nimemwondolea ugonjwa wenye jina nikampa mtu asiye na jina. Hilo sikulifikiria, na nimekuwa na miaka yote hii ya kulifikiria.

Alhamisi hakunisemesha. Alipika, akanipakulia, akaenda kulala. Jana asubuhi nikakuta ameshafungasha nguo zake.

"Shule zimefungwa. Naomba niende kwa shangazi."

"Kwa nini kwa shangazi?"

Akaangalia chini. "Wale wa baba ni wangu."

Nikampeleka stendi. Nikamtafutia kiti cha dirishani na kumfunga vizuri shingo ya sweta. Sikulia mpaka basi lilipoondoka.

Leo mchana nilimpigia wifi yangu simu. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, akaniambia mtoto hajambo ila haongei, na kama kuna kitu nimweleze. Nikasema hakuna kitu. Akampa Editha simu.

Nikasikia anatoka nje, mlango unafungwa nyuma yake.

"Mama, umemwambia shangazi?"

"Hapana."

"Bibi je?"

"Bado. Nafikiri ni vizuri nimwambie."

"Usimwambie." Sauti ikaanza kukatika. "Nakuomba, mama. Bibi asijue. Ataacha kunishika."

Mama yangu, tukifika Kichiwa, humpapasa Editha uso mzima ndipo amsalimie. Paji la uso, pua, kidevu. Husema, huyu ni wa kwetu.

Nikamwahidi. Simu ikakatika.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba siku nikimwambia mtu mwingine, mzigo huu utapungua. Haukupungua. Sasa kuna mtoto amesimama nje ya nyumba ya shangazi yake, kwenye baridi ya Makambako, anajifuta uso ili akirudi ndani wasimuulize. Ninajua anavyojisikia. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua.

Jumatatu nitapanda basi la asubuhi. Sitamwambia turudi. Nitakaa naye tu hapo barazani kwa wifi, aongee au asiongee.