Mkono wa Kushoto wa Bibi Harusi

Dada yangu Hodan,

Nakuonea wivu. Nimeona nianze na hilo, maana salamu unazipata kwa hooyo kila siku kwenye simu, na mimi nipo kando namsikia mama yetu akicheka kicheko ambacho mimi sijawahi kukipata.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiitwa kwenye harusi hapa Garissa? Wewe ulishika mkono wa kulia wa bibi harusi, mimi wa kushoto, tukachora hina mpaka shingo zikauma. Kisha mashangazi wanaingia na swali lao: "Wa Hodan ni upi?" Wakishaonyeshwa, basi, mashallah zote zinamwagika upande wa kulia. Mkono wangu unabaki pale kama mgeni asiyepewa chai. Ulikuwa ukinikonyeza, ukidhani nacheka pamoja nawe.

Ukaenda Nairobi. Ukachora kibuyu cha maziwa cha hooyo, picha ikatundikwa kwenye maonyesho, na wewe ukatuma picha umesimama kando yake. Hooyo aliibusu simu, Hodan. Wallahi aliibusu! Kibuyu chenyewe kilikuwa jikoni, na ninayekiosha ni mimi.

Tangu siku hiyo mkono wangu ulikufa. Maharusi walikuja na maua yao kwenye simu, nikanakili, nikaenda nyumbani. Sikuwa na ua langu hata moja. Mmoja aliniambia kwa upole, "Laiti ungekuwa na mkono wa dada yako." Nilitabasamu. Moyoni nilitamani kummwagia hina usoni.

Mchana mmoja, baada ya adhuhuri, nikalitoa lile boksi la rangi uliloliacha chini ya kitanda. Nikajiambia, leo sitafuti ua wala sifa. Nachora vitu vya mezani, vilivyotulia, basi. Nikapanga sahani ya tende, thamosi ya chai na dabqaad ya hooyo, kile chetezo chake cha ubani. Lo! Katika nyumba hii ni nani aliwahi kuona kitu kimetulia? Jirani akapiga hodi, tende zikaliwa, thamosi ikazunguka. Hooyo naye akaja kuchukua dabqaad yake. "Unaikodolea macho ya nini? Imekukosea?" Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi sikupona.

Kikabaki kibuyu. Picha ya kwanza ilitoka kama yako: kimesimama wima, kinang'aa, kifuniko juu. Niliichana kwa hasira. Kesho yake nikakichora kama kinavyokuwa asubuhi, hooyo akishakifukiza kwa kijinga cha moto na kukilaza ubavuni kabla maziwa ya ngamia hayajaletwa. Mdomo wazi, ndani giza tupu. Giza lile lilinitesa. Nilichanganya kahawia na buluu, nikafuta, nikarudia, hata nikasahau kukuchukia. Nilipoinua kichwa chai yangu ilikuwa imepoa, na mkono wangu ulikuwa unataka zaidi.

Nikawa nakichora karibu kila asubuhi. Juma lililopita nikaitwa kwenye harusi, na sikutazama simu ya mtu. Ile mikanda iliyosukwa shingoni mwa kibuyu niliishusha vidoleni mwa bibi harusi, mikono yote miwili. Mashangazi wakainama, wakatazama, mashallah zikamwagika kulia na kushoto. Hakuna aliyekutaja. Nakuandikia hili kwa raha, usinilaumu.

Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamwonyesha hooyo picha yangu ya kibuyu. Akavaa miwani. Akaligusa lile giza kwa kidole, kisha akakinusa kidole, kana kwamba atasikia harufu ya moshi. Nikangoja.

"Mpigie picha umtumie Hodan," akasema. "Atuambie kama ni nzuri."

Nilienda kuosha vyombo ili asinione uso.

Sitakutumia, dada. Nimeitundika jikoni, juu ya pale kibuyu kinapolazwa, na simu yako haitaiona ng'o. Ukiitaka, basi la Garissa unalijua na jiko unalijua. Njoo usimame upande wa kulia, mimi nisimame kushoto, hooyo tumweke katikati. Nataka kuona atageukia wapi.

Mungu akulinde njiani, maana najua utakuja.

Mdogo wako wa mkono wa kushoto