Mume wa Gati Ni Mimi

Jumatatu, tarehe 3 Septemba

Umerudi? Uliondoka mahindi yakiwa magotini, leo yako ghalani ndipo unakuja na kalamu, kama mgeni anayefika vyombo vimeshaoshwa. Gati hakukufundisha herufi uzeeni ili daftari lile vumbi juu ya kabati. Bhoke, wewe ni mvivu. Kaa chini uandike.

Haya. Asubuhi nimepeta ulezi. Baruti ya mgodini imelia, ukuta umetikisika, ufa wa jikoni sasa umefika dirishani. Kuku wameshazoea. Mimi bado.

Mwita, mdogo wa marehemu mume wangu, amesimamisha nyumba ya tegesha shambani kwangu. Miti na bati, mlango hakuna. Nyamongo nzima wanajenga hivyo. Mgodi unataka kupanuka, wathamini wanakuja, anayekutwa na nyumba ndiye anayelipwa. Nimemwambia aing'oe. Kacheka.

Alhamisi, tarehe 6

Mwita amekuja akasema hivi mbele ya Gati: Nikifa, shamba ni lake. Nyumba hii haina mwanaume.

Mimi sikuzaa. Mume wangu alipokufa nikamwoa Gati kwa ng'ombe wangu. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoita sisi Wakurya: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaoa msichana, na watoto atakaowazaa na mwanaume yeyote wanakuwa wa nyumba yake. Ng'ombe wale Mwita mwenyewe ndiye aliyewaswaga mpaka Kisaka kwa kina Gati, akavuka nao mto Mara, akarudi na homa. Nikamuuguza mimi.

Gati kazaa wasichana watupu, watatu. Nilitaka mvulana, siandiki uongo humu. Kila akijifungua nilifunua nguo kwanza kutazama. Sasa atokee mtu aniletee ng'ombe wote wa Mugumu anichukulie hata yule mdogo mwenye kamasi. Nitampiga na mwiko.

Gati akageukia jiko. Alisonga ugali mpaka ukawa tofali. Tukaula hivyo hivyo.

Kufa siogopi. Naogopa Gati kurudishwa kwao na wanawe, kama sufuria ya kuazima.

Jumamosi, tarehe 8

Kanisani wametangaza kwamba Jumatatu wanakuja watu wa kukusanya maoni ya katiba. Nchi inataka kuandika katiba mpya, na wanauliza kila mtu, hata sisi. Gati kaazima kile kitabu cha katiba ya sasa kwa mwalimu wa kwaya. Amenisomea wakati nachambua maharage.

Mwanzoni kabisa wameandika kwamba nchi hii imejengwa juu ya uhuru, haki, udugu na amani. Nikamwambia arudie. Udugu. Kumbe na udugu umo.

Gati anasema vifungu vimebadilishwa mara nyingi. Wabunge wakikubali, wawili katika kila watatu, kifungu kinakwenda na kingine kinakuja. Yale maneno ya mwanzoni yamebaki. Na hii mpya, ikishaandikwa, itarudi kwetu tuipigie kura.

Maharage yamekwisha, mawazo hayajaisha. Nilipokuwa msichana mahari ilikuwa ng'ombe wengi mno, vijana wanazeeka hawajaoa. Wazee wa huku na wa upande wa Kenya wakakaa ritongo, kikao cha jamii, wakapunguza. Hakuna aliyesema Ukurya umekufa. Ndoa ilibaki ndoa.

Sasa nyumba ntobhu msingi wake nini? Mvulana? Hapana. Msingi ni nyumba isizimike, moto uwe na mtu wa kuukoka mimi nikiondoka. Mvulana ni kifungu tu. Kifungu hubadilishwa.

Mimi Bhoke nimewaza hilo mwenyewe. Nimefurahi kama mjinga.

Jumatatu, tarehe 10

Nina hasira. Mwandiko mtanisamehe. Nani anisamehe? Niko peke yangu.

Mkutano wa katiba tumeukaa kama ritongo. Hakuna aliyetuamuru. Wanaume wakachukua mabenchi, sisi wanawake tukaenda nyuma kabisa, tukatandika kanga na kuwapa mgongo kidogo, kama mama zetu walivyokaa. Kwenye ritongo mwanamke hasemi. Anamnong'oneza mwanaume wa kwao, naye ndiye anayesimama. Basi tukasubiri wanaume waje kuchukua maneno yetu. Hakuja mtu. Wageni wa watu hawakujua. Mwenye kalamu akauliza kina mama mna maoni, nasi tukainamisha vichwa kwa adabu, tukingoja. Akaandika hatuna.

Mwita alisimama. Akasema ardhi ya ukoo iandikwe kwenye katiba kuwa ni ya wanaume, maana msichana huolewa akaondoka. Akapigiwa makofi.

Na mimi nimo, kichwa chini. Maoni yangu nimerudi nayo nyumbani kama yai mkononi.

Jumanne, tarehe 11

Nimesikia wageni wale leo wako kata ya Nyarero. Nimepanda bodaboda na Gati, mimi katikati, yeye nyuma ananishika nisidondoke. Kijana wa bodaboda kaniuliza bibi unakimbilia wapi. Nikamjibu katiba. Akaongeza mwendo, nikajuta kumwambia.

Nyarero nako wanawake wamekaa nyuma. Nikapita katikati yao nikiwaambia hiki si ritongo, hapa kila mtu ana mdomo wake, nyanyukeni. Wengine walinicheka. Wengine walinyanyuka. Tukaketi chini mbele ya mabenchi, pua kwa pua na wageni.

Nimesema. Nimesema yale ya mwanzoni wasiyaguse, hasa udugu. Nimesema msichana aandikwe mrithi sawa na kaka yake, na asiye na kaka asifukuzwe kwao. Nimewaambia mila pia hubadilika, nimeiona ikibadilika kwa macho yangu, na mwenye kuibadilisha ni sisi. Mzee mmoja akauliza huyu mke wa nani, katoka wapi. Nikamwambia natoka Nyamongo na mume wangu yuko kaburini, akitaka akamuulize.

Mwenye kalamu aliandika. Nilimwangalia mpaka akaweka nukta.

Jumatano, tarehe 19

Habari za Nyarero zimemfikia Mwita. Kaja na ghadhabu, kasema nimemvua nguo mbele ya kata nyingine. Kisha akakaa kwenye kigoda. Shamba lake lilikwenda mgodini zamani, fedha zikaisha, sasa amepanga chumba nyuma ya duka la simu, mtu aliyezaliwa kwenye boma la ng'ombe. Wanawe wanachekecha mawe ya taka ya mgodi wakitafuta dhahabu. Nilimpa uji. Akanywa.

Namhurumia. Shamba simpi.

Wathamini wanakuja Ijumaa. Gati amefunga nguo za watoto kwenye mfuko wa salfeti. Hakuniambia. Nimeuona nyuma ya mlango.

Ijumaa, tarehe 21

Wamekuja. Kijana mwenye fulana ya kung'aa, mwenzake mwenye kamera, mwenyekiti wa kitongoji, na Mwita kavaa koti. Majirani wamejaa kwenye ua wa katani.

Kijana akaniuliza nikiondoka duniani nani anabaki. Nikamwonyesha Gati. Akamuuliza Gati mume wake ni nani.

Nikasema mimi.

"Mume wa Gati ni mimi."

Kijana akacheka, si kwa ubaya, ni mgeni huku. Mwenyekiti hakucheka. Akageuka kwa Mwita, akamuuliza mbele ya wote kama anaijua ndoa hii, maana ndiye ndugu aliyebaki.

Mwita alikuwa na uwezo wa kusema haijui. Nyumba yake ya tegesha iko pale, bati linameremeta. Akisema hapana, Gati anabeba mfuko wake leo leo. Lakini kwetu mtu hakani ng'ombe. Ukikana ng'ombe waliotoka, umekana ndoa zote za ukoo, na ya mama yako imo humo. Nami sikumtisha. Nilimwangalia tu kama nilivyomwangalia akiwa na homa.

Mwita akavua kofia.

"Ng'ombe niliwaswaga mimi," akasema. "Huyu ni mke wa nyumba hii."

Akaongeza kwamba kama wasichana wanarithi hajui, hilo ni la ritongo. Akaenda zake bila kuaga.

Wamemwandika Gati kuwa ndiye anayebaki. Tukapigwa picha mbele ya nyumba, Gati kashika kibao cha namba, mimi pembeni, watoto wote watatu mbele. Yule mdogo alitoa ulimi. Kijana alitaka kurudia, nikakataa.

Jumapili, tarehe 30

Mvua ndogo. Mfuko wa salfeti umerudi kazini, una ulezi.

Mwita ameng'oa mabati yake shambani kwangu. Alikuja asubuhi mapema na wanawe, hawakupiga kelele. Nimewapelekea chai. Tumesalimiana, basi. Udugu haurudi kwa siku moja.

Maoni ya Nyarero sijui yako wapi. Gati anasema yatafika Dodoma, watayapima na ya nchi nzima, wabishane, ndipo tupige kura. Inaweza kuchukua miaka. Ritongo letu halichukui miaka. Nimepeleka neno kwa wazee: ulezi ukishaanikwa, nataka wakae ritongo juu ya Robhi, binti mkubwa wa Gati, kwamba ndiye atakayerithi na kuukoka moto wa nyumba hii. Wamesema watanisikia. Wamesema nimtume mwanaume. Nimewaambia nakuja mwenyewe na kigoda changu.

Robhi anatoa maji kisimani, anaimba vibaya. Ufa wa jikoni nimeuziba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Utafunguka tena.

Wewe Bhoke, ukirudi usikae mpaka mahindi mengine. Na usianze kwa kulia magoti yanauma. Andika kwanza wazee wamesemaje juu ya Robhi. Kama wamekataa, andika aliyekataa ni nani, jina lake na la baba yake, ufunge daftari, uende ukamuulize tena.