Sentimita Sita za Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye cherehani, miwani imeteremka puani, na unamgombeza mtu. Nikisikia unagombeza, najua u mzima. Nyonga inaendeleaje? Kaka ameniambia kwamba siku hizi unafika mpaka getini na mkongojo wako na kurudi bila kupumzika, na kwamba daktari amesisitiza utembee kila siku mahali tambarare penye kitu cha kushika. Mimi sijambo, ila jua limenichoma hadi wifi akiniona atauliza mgeni huyu katoka wapi.

Najua unachosubiri ni habari za njia yetu ya ufukweni. Ulipoanguka uliniambia kwamba bahari sasa utaiona kwenye kalenda tu, maana mchanga haumpokei mwenye mkongojo. Neno lile lilinichoma kuliko cheche za kazini. Ndiyo maana niliposikia wanatafuta wachomeleaji wa kujenga njia ya kutembea kandokando ya bahari, nilikwenda mbio kabla sijamaliza chai.

Ilikuwa ifunguliwe miezi mitano iliyopita, lakini mipango si matumizi. Kwanza mawimbi yalibeba kifusi chote tulichokishindilia wiki mbili. Kisha lori likatuletea vigae vya bafuni badala ya matofali ya kutandika, vinang'aa kama kioo, na dereva akashikilia kwamba karatasi yake inasema vigae na yeye hana ugomvi na karatasi. Kisha mwalimu mmoja mstaafu, anayekimbia ufukweni kila alfajiri, akaruka kamba yetu na kuzama kwenye zege bichi mpaka vifundoni. Yeye tulimtoa, kiatu kikabaki. Injinia wetu, mama mfupi mwenye sauti ya king'ora, alimuuliza kama hakuona kamba. Akajibu kwamba amelipa kodi miaka arobaini, alikuwa anakagua. Siku hizi huyo mstaafu ndiye mlinzi wetu wa kujitolea, na akikuona umesogelea zege bichi utajuta kuzaliwa.

Sasa pokea habari njema: njia imekamilika. Inafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na Injinia ameshatia saini. Mwambie Kaka akukatie tiketi ya basi, kiti cha mbele.

Mama, hapo weka sindano chini kwanza. Katika barua iliyopita nilikuandikia kwamba wiki tatu za mwisho tulicheleweshwa na bahari. Niliisingizia. Bahari ilikuwa imetulia zake. Aliyechelewesha kazi ni mimi.

Unaikumbuka futi yako ya kitambaa, ile iliyoungua kwa pasi, uliyonipa nilipoondoka nyumbani? Inaanzia sentimita ya sita, za kabla yake ziliteketea. Nyumbani hakuna aliyekata nguo bila wewe kupaza sauti kutoka chumba cha pili ukiuliza kama ameongeza sita. Huwa natembea nayo mfukoni kwa sababu inanipa moyo tu. Siku ya kupima nguzo za reli ya kushikilia, futi yangu ya chuma iligoma kwa kutu, nikachomoa yako. Na asubuhi hiyohiyo Kaka alikuwa amenipigia simu kusema umekubali kuja. Furaha ilinipanda kichwani, Mama. Nilipima tisini, nikakata nguzo ya mfano, nikamkabidhi mkata vyuma, naye akakata nyingine mia moja na arobaini sawasawa na ile. Sikuongeza sita.

Reli ilipofika kutoka karakana nyingine, haikuoana na nguzo. Injinia alimfokea mkata vyuma mbele ya watu wote, akamwambia akusanye vifaa vyake aondoke. Nami, naona haya kukuandikia, nilinyamaza kuanzia asubuhi hadi saa ya chakula. Nikaiacha sahani. Nikaenda kwa Injinia na futi mkononi, nikakiri. Nilijua kazi yangu imeisha. Akaikunjua, akatafuta mwanzo wake asiuone, akauliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayetembea na futi isiyo na kichwa. Nikamweleza yote, pasi, nyonga, na safari yako. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniamuru nimwombe radhi mkata vyuma mbele ya walewale waliosikia akifokewa, na kabla sijafungua kinywa yeye mwenyewe akatangulia kumwomba.

Nguzo za upande wa baharini lazima zifike tisini, kwa hiyo nimezitengeneza upya zote, na Jumapili tatu sikupumzika. Zile fupi Injinia alikataa zitupwe. Aliagiza ziwekwe upande wa ndani, kutoka langoni hadi benchi la kwanza, ambako mchoro haukuwa na reli yoyote, ili watoto na wazee wapate pa kushika.

Juzi nilimpigia Kaka nikamwomba apime mkongojo wako, kwa futi nzima, si kama hii yako. Akaniambia themanini na nne. Nikaenda kupima reli ya upande wa ndani. Themanini na nne, Mama, bila kupungua hata nukta. Nilivaa miwani yangu ya kuchomelea nikalia humohumo ndani yake, na wenzangu wakashangaa nachomelea nini bila moto.

Nisalimie Kaka na wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mkata vyuma anakuamkia. Anasema atakusubiri pale langoni, amwone kwa macho yake mwenye futi. Mstaafu naye ameahidi kufukuza watu wote benchi la kwanza.

Njoo na miwani ya kuonea mbali. Mkongojo uache nyumbani.

Mwanao akupendaye,
Sindano