Karai la Kuyeyushia Risasi

Eastleigh,
9 Aprili 1983

Mwanangu Hamidi,

Salamu zako zimefika, pamoja na picha yako ukiwa ndani ya koti refu. Sisi tu wazima. Mvua imeanza, na mtaro wa uani umefurika tena.

Nilikuuliza jambo moja tu: je, risasi inayoyeyushwa kutoka katika betri kuukuu za magari humdhuru mtoto? Ukanijibu kwa kurasa tano. Wataalamu wa huko wanabishana. Huyu asema hata kiasi kidogo hudumaza akili, yule asema kinachodumaza ni umaskini. Nawe, msomi wetu, wangoja utafiti zaidi. Hongera. Kungoja ni kazi nyepesi kwa asiye na mtoto.

Ndugu yako Abdurahim alizisoma kurasa hizo akacheka. "Waona, Ami? Hata Hamidi hana hakika!" Akarudi uani kuyeyusha betri zake katika karai lile lile ambalo mkewe hulisugua kwa majivu jioni, akamwogeshea Fatu. Fatu ana miaka minne. Mwaka jana aliniita babu. Sasa hamwiti mtu.

Jumatano wamepata mtoto wa pili, wa kike. Nilipomwona mama yake akilitia karai maji ya moto, niliyamwaga, nikalitoboa karai kwa msumari na nyundo. Abdurahim amenuna, hanisalimu.

Nyinyi endeleeni kubishana. Mkishakubaliana, niandikieni, huyu mdogo atanisomea jibu lenu.

Ni mimi ami yako,
Zahoro