Tamko la Haki na Fundi Viatu wa Namuwongo

Alhamisi, nyumbani Lubaga. Mvua inanyesha tangu alfajiri, nami nimeamka na dharau ambayo hata chai haijaiosha.

Nieleze kwanza, maana kueleza ndiyo kazi niliyoifanya darasani maisha yangu yote. Mkataba wa jumuiya ya nchi jirani ni ahadi ambazo nchi zinapeana: ushuru, barabara, mipaka. Tamko la haki za binadamu likiingizwa ndani ya mkataba, ahadi inapata mdai ambaye si nchi. Anaweza kuwa raia, mkimbizi, hata mchuuzi wa samaki wa soko la Ggaba. Ndiyo maana wakubwa hulishika tamko hilo kwa ncha za vidole.

Jana tulimaliza siku ya tatu ya kikao cha kuuandika mkataba huo hotelini, mimi nikiwa mfasiri wa Kiswahili. Wajumbe wameliingiza tamko zima, wakapiga makofi. Kisha wakaongeza kifungu kifupi mwishoni: mahakama ya jumuiya haitasikiliza lalamiko lolote la haki hizo mpaka nchi zote zikubaliane siku nyingine. Siku yenyewe haikutajwa.

Wamechora mlango ukutani.

Wakati wa chai nilimuuliza sababu ya kifungu hicho mwenyekiti wa kamati ya uandishi, Mkenya mcheshi niliyewahi kumfundisha. "Mwalimu, haki ni mgeni," akasema huku akitafuna sambusa. "Mkaribishe sebuleni kwanza." Nikamkumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. "Huyu mpe soda," akajibu. Meza nzima ikacheka.

Nami nilicheka.

Nyumbani nilimkuta Mama Neema barazani. Ni Mkongomani, amepanga chumba changu cha nyuma. Mumewe, fundi viatu wa mtaa wa Namuwongo, alikamatwa kwenye msako wa polisi Ijumaa iliyopita, na hadi leo hajasomewa shtaka.

"Mzee, ile karatasi ya haki munaandika kule, imekwisha?"

"Imekwisha, mama."

"Basi unipe moja. Niipeleke kwa polisi, waone."

Nikamweleza mkataba, kamati, na kile kifungu cha mwisho. Nilieleza vizuri, kama kawaida yangu. Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Sasa muliiandika ya nani, Mzee?"

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali kama hilo.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo Mama Neema kwa adabu yake hakulitaja. Jumatatu alipokuja kuniambia mumewe amekamatwa, nilimwambia avumilie kidogo, nimalize kikao cha haki za binadamu. Nilisema hivyo bila hata kuyasikia maneno yangu mwenyewe. Nawadharau wale wa hotelini, lakini wao angalau hawamjui fundi huyu. Mimi viatu nilivyovaa kikaoni ni yeye aliyevishona soli.

Katiba ya nchi hii haingoji nchi jirani ikubali. Inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa arobaini na nane. Nililijua hilo Jumatatu. Nimeifundisha ibara hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Tafsiri yao wananisubiri niitie sahihi leo. Wasubiri.

Nimemwambia Mama Neema tunakwenda kituoni pamoja, sasa hivi, na nitakaa kwenye benchi lao mpaka wanipe mtu wetu au wanionyeshe shtaka.