Nyigu Anayeweka Nukta

Jumatatu, 3 Machi

Nimecheza tena. Niandike hivyo kwanza, kabla sijaanza kujitetea. Siku hizi kujitetea nakuweza kuliko kupumua.

Mwanangu alitangulia kutoka. Mkwe wangu alinipa vidonge, akafuata. Mjukuu alikuwa wa mwisho, mkoba wa vifaa begani. Akachungulia mlangoni: Bwana mkubwa, usinitoroke. Nikamjibu: Nitakwenda wapi, bibi mdogo, na miguu hii? Utani wetu wa kila siku. Nikatega sikio mpaka lango likafungwa. Kisha nikajikokota hadi kwenye kiti chake, nikishika kabati njiani nipate pumzi, nikawasha tarakilishi yake.

Chumba ni chake. Walinihamishia humu moyo wangu ulipolegea, kwa sababu kiko karibu na choo. Yeye analala sebuleni kwenye kochi. Meza na mashine vilibaki, nyaya ni nyingi mno kuhamisha. Neno la siri alinipa mwenyewe, nipate kusikiliza habari. Habari!

Na amri ilikuwa yangu. Mwezi uliopita mama yake alilalamika: binti kapata kazi ya kompyuta juzi tu, bado yuko kwenye majaribio, na kila jioni ni michezo. Mwanangu akasema tumwachie Mzee aamue. Basi hakimu mstaafu akaamua, chali kitandani: Jumatatu hadi Ijumaa marufuku kucheza, mpaka athibitishwe kazini. Sikumuuliza swali hata moja. Maisha yangu yote kortini sikumhukumu mtu bila kumsikiliza. Huyu wa damu yangu, nilimhukumu.

Akasema tu: Sawa, babu. Na ametii.

Aliyeivunja amri ni aliyeitoa.

Jumatano, 5 Machi

Kifua kizito, lakini kwenye kiti kile nakisahau. Ndiyo aibu yenyewe.

Mchezo ni wa watu watano wanaolinda daraja. Wengine wanapiga risasi. Mimi ni tabibu — nakaa nyuma, akianguka mwenzetu nakimbia kumwinua. Nakimbia! Mtu ambaye jana alishikwa mkono kwenda chooni.

Hawajui ni mimi. Jina linaloonekana ni la mjukuu: Nyigu. Tunaandikiana chini ya skrini. Kuna mama mmoja anayecheza pacha wake wakilala, nasi twamwita Mama Pacha. Leo nilimwandikia: "Ndugu, tafadhali rudi nyuma; umejeruhiwa." Akajibu kwa vicheko vingi: Nyigu wa asubuhi kala kamusi nini? Nyigu wa Jumamosi ana matusi matamu, wewe unatuandikia kama barua ya mkuu wa shule!

Nikacheka mpaka nikakohoa. Kisha nikaona haya. Nyigu wa Jumamosi ndiye mwenye jina.

Alhamisi, 6 Machi

Sikucheza. Si toba — umeme ulikatika.

Jumapili, 9 Machi

Jana alicheza, siku yake halali. Nilimtazama kutoka kitandani. Mwanzoni alizikazia macho alama zake. Zimepanda. Nikafumba macho, nikakoroma kidogo. Mzee mzima, nakoroma kwa hila!

Alipomaliza nilimuuliza yale niliyopaswa kuuliza mwezi uliopita. Zamani ulikuwa unacheza kiasi gani? Akasema mechi mbili baada ya kuosha vyombo, kisha analala. Kazini siku nzima anazunguka matawi ya kampuni yao, yuko chini ya meza za watu akitafuta waya uliokatika, huku mtu amesimama juu yake akiuliza bado tu? Jioni kichwa kinavuma. Mechi mbili zilikuwa zinakizima. Na meneja wake kitengoni naye ni mmoja wa wale watano, wanamwita Kamanda. Walijuana mchezoni, akaona binti ni mtulivu mambo yakiharibika, akamwambia alete maombi ya kazi.

Mbona hukusema? nikamuuliza.

Hukuniuliza, babu.

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Usiku wa leo daktari alizungumza na mwanangu barazani. Wanadhani masikio nayo yamekufa. Ni wiki, alisema, si miezi.

Jumanne, 11 Machi

Yamefika.

Mjukuu amerudi na macho mekundu. Akaketi ukingoni mwa kitanda changu, wazazi wake wamesimama. Jana asubuhi mashine za tawi moja zilizimika, wateja wakajaa mpaka nje. Kamanda alimpigia simu, hakupatikana. Alikuwa tawi jingine, kwenye chumba cha seva, peke yake, humo simu haishiki. Mlinzi anakumbuka alivyoingia, hakumbuki alivyotoka. Kamanda akafungua mchezo kwa kubahatisha tu. Nyigu huyo, darajani, anainua watu!

Jana asubuhi. Niliinua watu wengi jana. Nilifurahi sana jana.

Amekana. Kamanda akamwambia akaunti ni yako, neno la siri ni lako, unataka niamini jini? Ijumaa atajieleza mbele ya mkuu wa kitengo. Akishindwa, kazi hana.

Mama yake: Nilisema mimi! Nilisema michezo itamponza! Mwanangu akanigeukia: Mzee, zungumza naye, wewe anakusikia.

Ndipo kinywa changu — hiki hiki — kikasema: Kijana lazima ajifunze kubeba matokeo ya matendo yake.

Nimeandika sentensi hiyo, nimeitazama. Sauti ilikuwa ya kortini kabisa. Mwanangu aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mjukuu alinitazama, akanyanyuka, akaninyooshea shuka miguuni.

Ukubwa jalala, wasema watu, kila taka hutupwa kwa mkubwa. Mimi taka yangu nimemtupia mtoto.

Alhamisi, 13 Machi

Aliniletea chai kabla ya kwenda kazini. Hakuondoka. Alitoa karatasi mfukoni: Kamanda amechapisha maandishi yote ya Nyigu ya asubuhi, ndiyo ushahidi wa kesho. Akanisomea, sauti ya chini mama yake asisikie.

"Naomba radhi, sikukuona ukianguka." Nukta. "Hima, ndugu zangu, daraja linatutoka." Nukta. Halafu hii, babu, hii sasa: "rudi nyuma; umejeruhiwa." Nukta-mkato! Nani duniani anaweka nukta-mkato huku anapigwa risasi?

Akacheka. Nami nikacheka. Kisha kicheko chake kikaisha, changu kikabaki peke yake chumbani, nikakiona kilivyo kibaya.

Umemwambia nini Kamanda? nikauliza.

Nimemwambia sijui ni nani.

Akangoja. Alikuwa na mkoba begani tayari, na bado alingoja. Nilikuwa na nafasi pana kama uwanja. Neno lenyewe fupi: Mimi.

Nikauliza kama chai imetiwa sukari.

Imetiwa, babu, akasema, akaenda zake.

Sasa niseme kweli, humu ambamo hakuna wa kunisoma. Siogopi aibu pekee. Aibu nimeona za watu, najua huwa zinapita. Naogopa kwamba nikisema, mkwe wangu atazing'oa nyaya hizi jioni hiyo hiyo. Na mimi nitabaki na dari. Nimepima kazi ya mtoto mwenye miaka yote mbele yake, nikapima asubuhi chache za darajani, na mizani yangu ikaelemea upande wangu. Hakimu!

Ijumaa, 14 Machi

Ameondoka na shati jeupe alilopiga pasi mwenyewe. Hakuchungulia mlangoni. Hakuniambia nisimtoroke.

Nimewasha mashine. Si kucheza. Nilitaka kumwandikia Kamanda popote alipo, asome atakapofungua. Kumbe jina lake linawaka — yuko hapo hapo. Kabla sijagusa herufi, akaandika yeye:

Nyigu ameketi mbele yangu ofisini. Wewe nani?

Nikaandika: "Mimi ni babu yake. Niliyecheza siku zote hizi ni mimi. Yeye hana hatia."

Hahaha, akajibu. Babu! Kakutuma rafiki yake? Mwambie mbinu ya kitoto hiyo.

Nikaandika kwamba nilikuwa hakimu, kwamba naumwa, kwamba neno la siri nilipewa kwa ajili ya habari. Kila nilichoandika kilizidi kufanana na uongo. Nimesikiliza mashahidi wangapi wakizama hivi, wanatapatapa, nami nikiandika pembeni: haaminiki!

Mwisho akaandika: Basi kama wewe ni mzee, washa maiki. Mkuu yuko hapa, binti yuko hapa, nimeweka spika mezani. Sema kwa mdomo wako.

Nimevaa masikioni kile kidude chake cha kusikilizia na kusemea. Nasikia chumba chao: kiti kinalia, mtu anageuza karatasi. Kitufe kiko hapa, kidogo, chekundu. Nimewaomba wanisubiri kidogo. Sijapata kusoma hukumu ambayo sikuiandika kwanza, basi naiandika hapa:

Mimi ndiye niliyecheza. Nilimkataza yeye, nikacheza mimi. ~~Kwa sababu ya ugonjwa~~ — hapana, futa. ~~Kwa upweke~~ — futa hiyo pia. Nilicheza kwa sababu nilipenda. Jumanne nilijua kwamba anaadhibiwa kwa kosa langu, nikamshutumu mbele ya wazazi wake. Jana aliningoja niseme, nikauliza sukari.

Inatosha. Ni fupi. Avuliwaye nguo huchutama, na mimi nimevuliwa, nabaki kusimama tu.

Wanaanza kuchoka. Mwanamume mwenye sauti nzito, nadhani ndiye mkuu, anasema haya mzee, kama upo, tunasikia.

Nimebonyeza. Nimefungua mdomo. Halikutoka neno — ni pumzi tu, ile ya filimbi, inayopanda na kukwama. Nimejaribu tena. Pumzi tu. Mtu kule amesema hiki nini sasa?

Ndipo nikamsikia. Karibu sana, kana kwamba ameinamia spika.

Babu, pumua kwanza. Taratibu. Kaa wima.

Kule ofisini karatasi zimeacha kugeuzwa. Kwa hiyo wamejua, wote, na ni yeye aliyewajulisha, kwa kunihurumia. Mimi bado sijasema. Karatasi iko mbele yangu, kidole kiko kwenye kitufe, na neno la kwanza ni fupi: Mimi.