Mipichi Isiyochanua

Jumatatu, 3 Juni 1991
Nimepalilia mipichi. Kobelo kapita tena, kainamisha tawi, kalitazama, kaondoka bila salamu. Shemeji yangu huyu hapendi matunda. Anachungulia vitumba vya maua.

Najua kwa nini. Shamba ni la ukoo wao, na kwa Waluguru ardhi hufuata mama. Mke wangu amekufa, hatukujaliwa watoto, mimi mtu wa kuja. Lakini mila yao hiyohiyo inasema aliyepanda haondolewi kabla hajavuna. Pichi za kwanza zikiiva, nafunga virago.

Alhamisi, 27 Juni
Joto, na huu ndio mwezi wa baridi. Miche niliinunua Mwembesongo. Tangu biashara iachiwe huru, kila mwenye kopo na udongo anauza miche. Yule muuzaji aliapa inachanua popote. Mwongo. Nimeulizia: vijiti vya kubebeshea, vile vinavyoungwa kwenye mche, vilikatwa juu kabisa mlimani, kwenye ukungu.

Mpichi huzaliwa na kipimo chake cha baridi, kwa urithi. Aina nyingine hutosheka na baridi kidogo. Hii inataka nyingi. Kipimo kisipotimia, kitumba kinabaki kimelala. Mbolea haikiamshi, wala maombi.

Kwa hiyo hapa Mlali haitachanua. Nimefurahi. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 14 Julai
Nimetoka misa nikakuta mipichi uchi. Majani yote chini. Si wadudu. Yamechumwa kwa vidole, moja moja.

Kobelo. Wapo wanaosema mti ukinyang'anywa majani hushtuka ukachanua. Kwa aina fulani ni kweli.

Naogopa.

Jumanne, 20 Agosti
Majani mapya tu. Hakuna ua hata moja. Sokoni Kobelo kaniuliza mbele ya watu, "Shemeji, miti hii umeifunga kwa dawa gani?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 21 Agosti
Kaja jioni, peke yake.

"Niambie kweli, Mwalimu. Itachanua?"

Uongo nilikuwa nao tayari. Lakini nimefundisha maisha yangu yote. Swali likiulizwa vizuri siwezi kulinyamazia. Nikamweleza yote: urithi wa mti, baridi, mlima.

"Kwa hiyo hapa, kamwe?"

"Kamwe."

Akatazama upande wa kaburi la dada yake.

"Basi wazee wa ukoo nitawaambia tunangoja baridi," akasema. "Huenda mwakani."

Tulikunywa chai. Sukari haikuwepo. Hakulalamika.